Ukulima wa Tangawizi: Mbegu Njema Ndiyo Shamba

Tangawizi yajulikana katika kila nyumba kwa ladha yake, lakini si watu wengi waijuao kwa ukulima wake. Hutiwa katika chai na kahawa, katika mchuzi wa nyama na katika pilau. Na mtu akipatwa na kikohozi au kichefuchefu, mara nyingi dawa ya kwanza aitafutayo mama wa nyumba ni kipande cha tangawizi. Hata hivyo, nyingi ya tangawizi iuzwayo katika masoko ya Kenya hutoka Uganda na Tanzania, ijapokuwa ziko sehemu za pwani na za magharibi ya Kenya zenye joto na mvua ya kuifaa.

Wako wakulima waliojaribu kuilima wakaacha. Aghalabu habari zao hufanana. Mwaka wa kwanza mavuno huwa mazuri, mkulima akafurahi, akauza yote kwa kuwa bei ilikuwa njema. Mwaka wa pili hununua mbegu mahali popote apatapo, akapanda eneo kubwa zaidi. Mvua zikikolea, majani hugeuka manjano, mashina huanguka, na akichimba hukuta uozo wenye harufu mbaya. Hapo lawama huwekwa juu ya mvua, au juu ya udongo, au hata juu ya jicho la jirani. Lakini mara nyingi ugonjwa ule uliingia shambani ndani ya mbegu yenyewe, na aliyeuingiza ni mwenye shamba, kwa mkono wake, pasipo kujua.

Kwa hiyo somo la tangawizi ni somo la mbegu kwanza. Mambo mengine yote, yaani ardhi, mbolea, palizi na mavuno, yana maana. Lakini mbegu ikiwa mbovu hayawezi kuliponya shamba.

TABIA YA MMEA

Tangawizi asili yake ni Asia ya kusini mashariki. Ni jamaa ya manjano na ya iliki, na mimea hii mitatu hufanana katika umbo: majani marefu membamba yasimamayo juu ya mashina ya kijani, na chini ya ardhi shina jingine lililolala, nene, lenye pingili na vidole. Watu wengi huliita mzizi, lakini si mzizi. Ni shina lililozoea kukaa udongoni. Mizizi ya kweli ni ile myembamba iliyoota juu yake, na yale mashina ya kijani yaonekanayo juu ni majani yaliyokunjamana tu, moja ndani ya jingine.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Shina la chini lina macho, kama vile kiazi, na kila jicho laweza kutoa chipukizi. Katika macho hayo umo mwaka ujao. Tena shina hili huenea kwa upande na karibu na uso wa ardhi, wala haliendi chini sana kama muhogo. Kwa hiyo lahitaji udongo uliolegea, na lahitaji kufunikwa kila linapojitokeza.

Ua la tangawizi huota juu ya kikonyo chake chenyewe, kitokacho ardhini kando ya majani, nacho kina kichwa mfano wa koni ya msonobari. Maua hutoka humo machache machache, yana rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na mdomo wa zambarau wenye madoa. Ni ua zuri, lakini tangawizi ilimwayo huchanua mara chache, na karibu kamwe haizai mbegu za kupandwa. Kwa hiyo mkulima wa tangawizi hapandi punje kama apandavyo mahindi. Hupanda kipande cha shina la mmea wa mwaka uliopita.

Jambo hili lina faida na hasara. Faida ni kwamba mmea mpya huwa sawasawa na mama yake: akiwa mkubwa na mkali, nao utakuwa hivyo. Hasara ni kwamba mtoto hurithi na maradhi. Kuvu, bakteria na minyoo iliyokuwamo katika shina la mama huhamia shamba jipya pamoja na kipande kile, na kwa nje kipande chaweza kuonekana kizima.

ARDHI NA MVUA IFAAYO

Tangawizi hupenda joto na unyevu. Hustawi tangu usawa wa bahari hata kimo cha mita 1,500 hivi. Katika nyanda za juu zenye baridi kali hukawia, na penye jalidi majani hufa. Hutaka mvua ya kutosha, kama milimita 1,500 kwa mwaka au zaidi, iliyoenea katika miezi mingi. Mahali penye mvua chache hapana budi kuwe na maji ya kunyweshea.

Lakini mmea huu upendao mvua huchukia maji yaliyotuama. Udongo mzuri ni tifutifu, wenye mboji nyingi, upitishao maji upesi. Udongo mzito wa mfinyanzi hushika maji na kuyaozesha mashina. Udongo wa mchanga mtupu hukauka na hauna chakula. Kabla ya kuchagua mahali, yampasa mkulima kwenda kulitazama shamba wakati wa mvua kubwa. Mahali ambapo maji hukaa siku nzima baada ya mvua kukatika hapafai, hata kama udongo wake ni mweusi wa kuvutia.

Jambo la pili la kuuliza ni nini kililimwa hapo zamani. Ardhi iliyooteshwa tangawizi mwaka uliopita isipandwe tena mwaka huu. Kadhalika isifuate nyanya, viazi vya kizungu, biringanya wala pilipili, maana mimea hii hushikwa na bakteria wa mnyauko, ambao ni adui mkubwa wa tangawizi pia, nao hukaa udongoni muda mrefu. Ni bora ardhi iwe imelimwa mahindi au mtama, na tangawizi isirudi mahali pale kabla ya miaka mitatu.

Penye mteremko iko hatari nyingine. Kuvuna tangawizi ni kuuchimbua udongo wote, na mvua ikikuta udongo uliolegea juu ya kilima huuchukua mtoni. Katika milima ya Upare, wilayani Same nchini Tanzania, ambako tangawizi hulimwa kwa wingi, kama penginepo penye milima, mashamba yahitaji makinga maji na majani ya kushika udongo. Matuta yapigwe kukata mteremko, yasiteremke pamoja nao.

KUCHAGUA MBEGU

Mbegu nzuri hutoka katika shamba lililojulikana kuwa zima. Maneno hayo ni machache, lakini ndiyo yenye kazi. Mkulima asingoje mpaka siku ya kuvuna. Yampasa kulitembelea shamba, lake au la mwenziwe atakayemwuzia, miezi miwili au mitatu kabla ya mavuno, majani yakiwa bado mabichi. Wakati huo mashina magonjwa huonekana wazi. Sehemu yenye mimea mikubwa isiyo na manjano wala mnyauko itiwe alama kwa vijiti, na mbegu itoke hapo tu.

Tangawizi ya mbegu iachwe ardhini hata ikomae kabisa, majani yakauke yenyewe. Ile iliyovunwa changa kwa kuuza haifai. Ngozi yake ni nyembamba, husinyaa na kuoza ghalani. Kipande kizuri ni kinene, kina ngozi inayong'aa, kizito mkononi, na macho yake yamevimba kidogo. Kikikatwa, ndani huwa na rangi moja safi. Chenye mzunguko wa kahawia ndani, au sehemu laini kama iliyochemshwa, au vinundu visivyo vya asili, kitupwe. Wala kisitupwe shambani au katika shimo la samadi, bali kichomwe.

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na gunia la tangawizi ni hivyo hivyo. Kununua gunia la sokoni lililokusanywa kutoka mashamba kumi ni kununua maradhi ya mashamba kumi. Mchuuzi hana kosa, kwa kuwa yeye aliuza kiungo cha chai, hakuuza mbegu.

Hatari hii si ya kubuni. Nigeria ni miongoni mwa nchi zilimazo tangawizi nyingi sana duniani, na jimbo la Kaduna ndilo kitovu cha zao hilo. Mwaka 2023 ugonjwa uliyashambulia mashamba ya kusini mwa jimbo hilo, na wakulima wengi walipoteza mazao yao pamoja na mbegu ya mwaka uliofuata. Mkulima aliyepoteza mahindi hununua mbegu nyingine dukani kwa pakiti. Mkulima aliyepoteza tangawizi, pamoja na majirani zake wote, hana duka la kumkimbilia. Mbegu ikiadimika, bei yake hupanda, na hapo ndipo watu hujaribiwa kupanda chochote kipatikanacho.

KUTAYARISHA MATUTA NA KUPANDA

Ardhi ilimwe mara mbili au tatu kabla ya mvua, hata udongo uwe laini, na mizizi ya magugu iondolewe. Kisha mapigwe matuta mapana yenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 15 hata 30, na baina ya tuta na tuta iachwe njia ya sentimita 50, ambayo pia ndiyo mfereji wa maji. Samadi iliyoiva vizuri, au mboji, ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi ina joto na wadudu, nayo huleta uozo.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua za masika, yaani Machi au Aprili mahali pengi. Anayechelewa hupata mashina madogo, kwa sababu mmea huu wataka miezi minane hata kumi kukomaa.

Vidole vikatwe au vivunjwe vipande vyenye urefu wa sentimita 3 hata 5, na uzito wa gramu 20 hata 30, kila kipande kiwe na jicho moja zima au mawili. Kisu kipanguswe mara kwa mara kwa kitambaa kilicholowa dawa ya kuulia vijidudu, au kiunguzwe motoni, hasa kinapokuwa kimekata kipande chenye dosari. Baada ya kukatwa, vipande vianikwe kivulini siku moja au mbili ili jeraha lipate kukauka. Kupanda kipande chenye jeraha bichi ni kufungua mlango kwa kuvu.

Vipande vipandwe kwa umbali wa sentimita 25 kila upande, katika vishimo vyenye kina cha sentimita 5, macho yakitazama juu, kisha vifunikwe. Tuta la mita 1 kwa mita 10 litachukua mistari minne yenye vipande 40 kila mmoja, yaani vipande 160. Kila kipande kikiwa gramu 25, mbegu itakayohitajiwa ni kilo 4. Hesabu hii ndogo yafaa kushikwa moyoni, maana itarudi wakati wa mavuno.

MATANDAZO, PALIZI NA KIVULI

Mara baada ya kupanda, tuta lifunikwe kwa matandazo ya majani mabichi au nyasi kavu zisizo na mbegu. Matandazo huzuia matone ya mvua yasipige udongo, huhifadhi unyevu, hupunguza magugu, na yakioza huwa mbolea. Yaongezwe tena mara mbili, kiasi cha miezi miwili na miezi mitatu baada ya kupanda.

Machipukizi huanza kutokeza baada ya wiki mbili hata sita. Mkulima asione wasiwasi akaanza kufukua ili kutazama, kwa maana huvunja macho. Palizi ifanywe kwa mkono au kwa kijembe kidogo, juu juu tu. Jembe kubwa hukata mashina ya chini, na kila jeraha ni njia ya uozo.

Kila mara baada ya palizi, udongo wa mferejini upandishwe juu ya tuta. Mashina yakijitokeza juani hugeuka kijani, hudumaa, na mnunuzi huyakataa. Kazi hii hufanya mambo mawili kwa pamoja: hufunika tangawizi, na huzibua mfereji.

Kivuli chepesi hakidhuru. Tangawizi yaweza kukaa baina ya minazi, au baina ya migomba iliyopandwa mbalimbali, na jua la mchana likapunguzwa ukali. Kivuli kizito, lakini, hutoa majani marefu na vidole vyembamba.

MARADHI NA DALILI ZAKE

Maradhi mawili ndiyo yatiayo hofu. La kwanza ni uozo wa shina, uletwao na vijidudu jamaa ya kuvu vipendavyo maji yaliyotuama. Majani ya chini huanza kugeuka manjano kutoka nchani na pembeni, na manjano hupanda juu. Sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi hulainika kana kwamba imechemshwa, na shina likivutwa kidogo hung'oka bila kazi. Chini, tangawizi yenyewe huwa kahawia, laini, yenye kunuka.

La pili ni mnyauko wa bakteria. Huu una haraka zaidi. Majani hujikunja na kunyauka yakiwa bado na rangi ya kijani, kama mmea uliokosa maji, hali udongo una unyevu. Siku chache baadaye hugeuka manjano, na shina zima huanguka. Iko njia nyepesi ya kuutambua. Shina lililonyauka likatwe, na mwisho wake uliokatwa utiwe katika bilauri ya kioo yenye maji safi, lisitikiswe. Baada ya dakika chache, zikionekana nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka katika jeraha, huo ni mnyauko wa bakteria. Mtoto wa shule aweza kufanya jaribio hili, na huenda likaokoa shamba.

Mnyauko ukishaingia shinani hakuna dawa ya kuuponya. Mmea mgonjwa ung'olewe pamoja na udongo ulioushika na pamoja na jirani zake wa karibu, utiwe katika gunia, usiburutwe katikati ya shamba, uchomwe. Maji ya mfereji upitao hapo yasielekezwe kwenye matuta mazima. Jembe na miguu vioshwe. Afanyaye kazi aanze sehemu nzima, na sehemu yenye ugonjwa iwe ya mwisho siku hiyo. Na hata kama robo tatu ya shamba hilo itafika mavuno bila dalili, tangawizi yake ni ya kuuza na kula tu, isifanywe mbegu.

Wako pia minyoo fundo, wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huvimbisha mizizi na kudumaza mmea; na yako madoa ya majani, madogo, meupe katikati na kahawia pembeni, ambayo huzidi wakati wa mvua nyingi. Haya hupunguza mavuno lakini si mara nyingi kuua shamba. Mkulima aonaye dalili asiyoijua na ampelekee Bwana Shamba mmea mzima, na mizizi yake, ndani ya mfuko uliofungwa, kabla ya kununua dawa yoyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUVUNA

Atakaye tangawizi laini ya kuuza mbichi aweza kuanza kuvuna miezi sita baada ya kupanda. Ile itakayokaushwa, na ile ya mbegu, hungoja miezi minane hata kumi, majani yakiwa yamekauka na kulala. Kwa aliyepanda Aprili, mavuno makuu yatakuwa baina ya Desemba na Februari, wakati wa jua, na jambo hilo ni heri kwa kukausha.

Iko faida moja ambayo mazao mengi hayana. Udongo ukiwa mkavu na shamba likiwa zima, tangawizi iliyokomaa yaweza kungoja ardhini wiki kadhaa huku mkulima akitazama soko. Lakini isingoje mvua mpya, kwa kuwa macho yataanza kuchipua, na uozo utaanza.

Uchimbaji ufanywe kwa uma wa shambani au kwa jembe kwa uangalifu, kuanzia pembeni ya tuta. Udongo ukung'utwe, mizizi ikatwe, na tangawizi ya kuuza ioshwe. Tangawizi ya mbegu isioshwe, hupanguswa tu.

KUKAUSHA

Bei ya tangawizi mbichi hushuka wakati kila mtu avunapo. Anayejua kukausha hana haja ya kuuza siku hiyo. Tangawizi ikishaoshwa, ngozi yake ikwanguliwe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Kisu cha chuma huacha madoa. Tena ikwanguliwe nyepesi mno, maana mafuta yenye harufu yamo chini kidogo tu ya ngozi. Amenyaye sana hutupa kitu anachotaka kukiuza. Kisha ianikwe juu ya mkeka safi au turubai, si juu ya ardhi tupu, igeuzwe kila siku, na iingizwe ndani jioni. Siku saba hata kumi za jua kali hutosha kwa vipande vizima. Ikikauka sawasawa huvunjika kwa mlio, haipindi.

Kilo 20 za tangawizi mbichi hutoa kilo 4 au 5 za kavu. Mtu aulizapo bei, akumbuke hesabu hiyo: kilo moja ya kavu yapasa kuuzwa kwa zaidi ya bei ya kilo nne au tano za mbichi, la sivyo kazi yake imekwenda bure.

KUWEKA AKIBA YA MBEGU

Mithali husema kwamba akiba haiozi, lakini akiba ya tangawizi huoza isipotunzwa. Tangu mavuno hadi masika ni miezi miwili au mitatu, na katika miezi hiyo ndipo wengi hupoteza mbegu.

Njia iliyo nyepesi ni shimo. Lichimbwe mahali pa kivuli, palipoinuka, pasipopitiwa na maji, chini ya kibanda au mti. Chini ya shimo itandazwe tabaka ya mchanga mkavu au unga wa mbao wa seremala. Juu yake ipangwe tabaka moja ya tangawizi iliyochaguliwa, kisha mchanga tena, kisha tangawizi tena. Shimo lisijazwe hata juu. Iachwe nafasi ya hewa, na lifunikwe kwa mbao zenye matundu. Kila wiki tatu hivi lifunguliwe, na kipande kilichosinyaa au kuoza kiondolewe pamoja na mchanga uliokizunguka.

Sasa hesabu ya tuta yarudi. Tuta lililotunzwa vizuri laweza kutoa mara tano ya uzito wa mbegu iliyopandwa, au zaidi. Basi kilo 4 zaweza kuwa kilo 20. Kwa kupanda tena tuta lile lile zahitajiwa kilo 4, na kilo moja zaidi kwa ajili ya vitakavyosinyaa au kutupwa. Kwa hiyo kilo 5 katika 20, yaani robo ya mavuno, si mali ya kuuza. Akitaka kulima matuta mawili, zahitajiwa kilo 10. Robo hiyo yapasa itengwe kwanza, itoke katika sehemu iliyotiwa vijiti, kabla mchuuzi hajafika na mizani yake. Vidole vinono ndivyo mchuuzi avipendavyo, navyo ndivyo vifaavyo kwa mbegu. Mkulima auzaye vinono akapanda vilivyobaki hupunguza shamba lake kila mwaka, ijapokuwa haongezi wala hapunguzi hatua moja ya ardhi.

KWA WAKAAO MJINI

Asiye na shamba aweza kuotesha tangawizi katika ndoo kuukuu, debe, au gunia, ilimradi chombo kiwe na matundu chini na kina cha sentimita 30. Udongo wa bustani uchanganywe na mchanga na samadi iliyoiva. Kipande kimoja au viwili vyenye macho yaliyovimba vipandwe kwa kina cha sentimita 5, na chombo kiwekwe mahali papatapo jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Maji yatiwe udongo wa juu unapoanza kukauka, si kabla.

Hapa tangawizi ya sokoni yaweza kujaribiwa, kwa sababu ikiwa na ugonjwa hasara ni ndoo moja tu. Lakini kama mmea umeoza, udongo ule usimwagwe katika bustani wala usipelekwe nyumbani shambani. Vivyo hivyo, mtu atokaye mjini kwenda likizo asibebe tangawizi ya soko kuwa zawadi ya kupandwa na wazee wake. Aichukue ya kutia katika chai, inyweke, iishe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Vikundi vya wakulima na wanafunzi waweza kuzungumza juu ya maswali haya:

1. Kwa nini maradhi ya tangawizi husafiri pamoja na mbegu kuliko maradhi ya mahindi?

2. Mkulima alilima nyanya mwaka jana. Je, apande tangawizi mahali hapo mwaka huu? Aeleze sababu.

3. Mmea umenyauka hali udongo una unyevu. Ni jaribio gani litakaloonyesha kama ni mnyauko wa bakteria?

4. Mtu ana matuta matatu ya mita 1 kwa mita 10, na ataka kulima matuta matatu mwaka ujao. Atenge kilo ngapi za mbegu? (Jawabu: kilo 15.)

5. Kwa nini kilo moja ya tangawizi kavu isiuzwe kwa bei ya kilo tatu za mbichi?

Mwenye kuyajibu maswali hayo, na kuyatenda shambani, hatakuwa na haja ya kumtafuta mchuuzi wa mbegu mvua za masika zinapoanza kunyesha. Mbegu yake itakuwa chini ya mchanga kivulini, na ataijua ilikotoka.